Uzi wa Ustad Nazar

Jumamosi, 27 Mei 1995

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Si Baba, si dada yangu Rebeka, si mwalimu. Jumatano jioni na Jumamosi huwa siko maktabani kama ninavyowaambia. Huwa niko Pangani, kwenye chumba cha nyuma cha fundi seremala mmoja, Kalasinga, najifunza kupiga tabla. Anayenifundisha ni mzee wa Kiafghani kutoka Kabul. Jina lake Nazar, lakini haitwi hivyo. Anaitwa Ustad. Ananipiga, nami narudi.

Leo amenipiga kwa nyundo. Ile ndogo ya shaba anayogongea ukingo wa ngoma ili sauti ipande. Kidole changu cha shahada kilichelewa, kikachelewa tena. Halafu sikuiona nyundo ikija.

"Wewe mkono punda," akasema. "Punda nabeba mawe. Punda hapana piga tabla."

Kisha akanimwagia poda ya watoto viganjani kana kwamba hakuna kilichotokea, tukaanza upya.

Ngoma ni mbili. Ya kulia ndogo, ya mti. Ya kushoto kubwa, ya shaba, ina tumbo kama sufuria. Kila moja ina doa jeusi kwenye ngozi. Kabla ya kupiga unayasema mapigo kwa mdomo: dha, tin, na. Ukishindwa kusema, huruhusiwi kugusa. Januari nzima na Februari nzima nilikuwa nasema tu, kama mtoto wa chekechea.

Kidole kimevimba. Nimemwambia Rebeka kilibanwa na mlango wa choo. Ameniangalia sana.

Jumapili, 28 Mei

Kanisa. Kanzu nyeupe, misalaba ya kijani kifuani. Tumetembea kutoka Ziwani hadi Kariokor na kurudi, Baba mbele na bendera, mimi nyuma yake na ngoma. Baba ni fundi wa reli. Mikono yake inanuka grisi hata Jumapili.

Ngoma ya kanisa ni kubwa, unaivaa shingoni na kuipiga kwa kijiti. Pa, pa, pa, pa. Watu wanaweka miguu juu ya mlio. Nilipewa nikiwa darasa la sita kwa sababu sipotezi mwendo. Sina sifa nyingine. Mpira siujui. Wasichana wakinisalimia natazama viatu vyao. Baba huwaambia watu, "Enosi haongei, lakini Bwana amempa mkono." Huo ndio wakati pekee anapotabasamu akinitaja.

Naipenda ngoma ile nyingine zaidi. Nimeandika. Sasa imeandikwa.

Alhamisi, 1 Juni

Madaraka. Hakuna shule. Wameua mwizi.

Kijana wa rika langu. Wanasema aliiba redio. Kifaru ndiye aliyemkamata. Kifaru ni yule jamaa wa bombani, anayeamua nani achote maji kwanza na nani angoje. Walianza na mateke. Halafu mawe. Halafu mtu akaleta mpini wa jembe. Niliona kutoka dirishani. Kijana alikuwa anaita mama yake kwa Kiluhya, lugha yetu, na hakuna Mluhya aliyetoka nje. Hata sisi.

"Oya, tairi iko wapi?" Kifaru alikuwa anacheka. "Wasee, msilale! Nyama inapoa!"

Baba akafunga dirisha. "Usitazame. Soma."

Nimesoma ukurasa mmoja wa kemia siku nzima. Pazia linanuka moshi wa tairi. Nawaogopa watu wa hapa. Wote, hata wanaonisalimia vizuri.

Jumamosi, 3 Juni

Nilimsimulia Ustad habari ya mwizi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa vitunguu vimepanda bei. Halafu, kwa mara ya kwanza, akanisimulia maisha yake. Kiswahili kilipomwishia, Kalasinga alimalizia kupitia dirishani huku akipiga randa.

Alizaliwa Kharabat, mtaa wa wanamuziki pale Kabul. Baba yake alipiga tabla, na babu yake pia. Kabla hajaota meno ya pili, baba yake alikuwa akimwamsha alfajiri wakati wa baridi, anamzika mikono kwenye theluji mpaka iwake moto, ndipo anamkalisha mbele ya ngoma. Akilia wanarudi mwanzo. Alinionyesha vidole. Kimoja hakinyooki, baba yake alikivunja.

"Wewe nachukia yeye?" nikamuuliza. Na mimi huwa naongea kama yeye tukiwa wawili.

Akashangaa. "Nachukia? Yeye napa mimi mkono."

Alipokuwa kijana aliingia redio ya Kabul. Miaka mingi alikaa nyuma ya waimbaji wakubwa. Harusi hadi asubuhi, harusi nyingine jioni. Alipelekwa nchi za nje kwa ndege akiwa amepakata ngoma zake. Halafu vita. Makombora yakaangukia Kharabat. Siku moja walikuwa wanatoka harusini, yeye na mwanawe aliyekuwa akimfunza, wakakamatwa na watu wa kamanda fulani. Wakaamriwa wapige. Kijana akichoka anapigwa kitako cha bunduki kichwani. Wakapiga usiku mzima. Asubuhi Ustad aliachiliwa peke yake.

Kalasinga akaacha randa. Baadaye Kalasinga aliniambia kwamba Ustad alipitia Pakistan, akaletwa Nairobi kupiga kwenye harusi ya tajiri mmoja, akabaki. Sasa anapiga kwenye harusi za Wahindi wa Ngara na Pangani. Hana mtu.

Nilipokuwa navaa viatu akasema, "Jumamosi lete tamu. Mimi nafunga wewe."

Sikuelewa. Kalasinga akaeleza. Anataka kunifunga uzi. Huko kwao ndivyo ustad anavyomchukua mwanafunzi awe wake kabisa.

Sikulala vizuri. Furaha tupu.

Jumamosi, 10 Juni

Nimefungwa.

Sikuwa na kitu kitamu ila sukari guru ambayo Mama alituma kutoka nyumbani Vihiga. Nilikata kipande nikakifunga kwenye gazeti. Ustad akakinusa, akaonja, akafunga macho. Akasema wao pia wana sukari kama hiyo, rangi ile ile. Wakaja waimbaji wawili wa Kihindi anaowapigia, wakaja kama mashahidi. Kalasinga akavaa kilemba safi. Wote wakala sukari guru yetu, ambayo hapa Nairobi watu huitumia kupikia chang'aa. Baba angejua!

Ustad akanifunga uzi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mwekundu na wa manjano, umesokotwa. Akasoma dua. Halafu akanishika mikono yote miwili, kwa nguvu.

"Sasa mkono yako, mkono yangu. Hapana piga ngoma ingine. Mimi nasema piga, wewe napiga. Mimi nasema ngoja, wewe nangoja. Uzi naanguka yenyewe. Mtu nakata, basi. Wewe si shagird."

Shagird ni mwanafunzi. Nikasema ndiyo. Akasema Desemba nitakaa kando yake kwenye harusi moja Ngara, mbele ya watu. Nikasema ndiyo tena. Nilifika karibu na daraja ndipo nikakumbuka kwamba kesho ni Jumapili.

Mikono ni hii miwili tu. Baba anaamini ni ya Bwana. Ustad anasema ni yake. Mimi sijaulizwa. Nikiulizwa najua nitakachojibu, na jibu hilo linanitisha.

Jumapili, 11 Juni

Nimesema tumbo linauma. Baba akaninusa mdomo, akaenda. Ngoma alipewa Shadraki, mtoto wa shemasi. Wakarudi wamekunja nyuso.

"Tumetembea kama ng'ombe wanaopelekwa dipu," Baba akasema. "Jumapili ijayo utapiga hata kama umelazwa."

Uzi naufunika kwa sweta. Heri ni Juni, kuna baridi.

Jumanne, 13 Juni

Nimechapwa na naibu wa mwalimu mkuu. Nilikuwa napigapiga dawati kwa vidole wakati wa kusoma kimya, sikujijua. Alinilaza mbele ya darasa. Fimbo ya mwisho ilinipasua ngozi. Waliokaa nyuma wakawa wanacheka, "Manze, DJ wa dawati! Ongeza volyumu!"

Sikulia. Nilikuwa nahesabu fimbo kwa mdomo wa ndani: dha, tin, na. Nadhani naanza kuwa mwehu.

Jumamosi, 17 Juni

Leo nimefunzwa mughuli. Ni mwendo wa Kiafghani wa mapigo saba: matatu, mawili, mawili. Kama mtu anayetembea na mguu mmoja mfupi, lakini anatembea vizuri kuliko sisi wenye miguu sawa. Tulipiga mpaka mabega yangu yakafa ganzi. Vidole vilipasuka kando ya kucha, damu ikachora ngozi ya tabla. Ustad akaifuta kwa kitambaa akasema "khub". Vizuri. Hajawahi kulisema neno hilo.

Nikajidanganya kwamba ni siku njema ya kuomba. Nikamweleza kuhusu kanisa. Nikamwomba ruhusa ya kesho tu.

Alirusha bilauri ya chai ukutani. Kipande kikanikata sikio. "Nenda kwa baba! Piga ngoma ya baba! Hapana rudi!"

Nilikaa chini sikuondoka. Baada ya muda mrefu akaniambia niokote vipande, nisije nikajikata mikono.

Kesho sitapiga. Sijui nitafanyaje. Sitapiga.

Jumapili, 18 Juni

Nimepiga.

Baba alisimama mlangoni ameshika kanzu yangu mkononi. Hakuondoka mpaka nikaivaa. Nikajiambia ni kijiti tu, si vidole. Nikajiambia Ustad hataona.

Mambo yalikuwa sawa mpaka tulipokaribia Kariokor. Pa, pa, pa, pa. Akina mama wanaimba. Kisha mkono ukaenda wenyewe. Sikuutuma, naapa. Tatu, mbili, mbili. Mguu wa kushoto wa watu wote ukaanguka mahali pa kulia. Mstari ukapinda. Akina mama wakakanyagana visigino. Wauza viatu kando ya barabara wakaanza kucheka. Baba, mbele kabisa, akajaribu kufuata mlio, akajikwaa, akaanguka, na bendera ikaenda mtaroni kwenye maji machafu.

Nyimbo zikakatika.

Mama Nabii, anayeona maono kanisani, akanidaka mkono ulioshika kijiti, akauinua. Mkono wa kanzu ukateremka hadi kwenye kiwiko. Uzi ukaonekana.

"Mkono umefungwa!" akapiga kelele. "Nani amefunga mtoto wetu? Ndiyo maana! Ndiyo maana ngoma imekataa!"

Tangu mwaka jana watu wote wanazungumza juu ya waabudu shetani. Mahubiri ni hayo, stori za bombani ni hizo: wanawachukua watoto wa shule, wanawavisha pete, wanawafunga nyuzi, wanawapa vitu vitamu. Watu wakarudi nyuma wakaniacha katikati ya barabara. Shadraki, tuliyekua naye, alifunga macho ili nisimwangalie.

Nyumbani Baba alitumia mshipi, upande wa chuma. "Ni nani? Sema jina lake! Ni nani?" Sikusema. Jino la mbele limetoka. Nilishangaa lilivyo dogo. Baba alikuwa analia wakati wote alipokuwa akinipiga. Sikuwahi kumwona akilia.

Jumatatu, 19 Juni

Sikuenda shule. Wazee wa kanisa walikuja asubuhi na Mama Nabii. Hakuna kula. Walinilaza chini, wawili wakanikalia miguu, mmoja mkono wa kushoto. Maombi juu ya kichwa changu. Baba akaja na wembe. Nilikunja ngumi nikaivuta chini ya tumbo. Wembe ukapita kwenye ngozi kabla ya kupita kwenye uzi. Damu nyingi. Wakasema hayo ni mapepo yanatoka.

Walikata uzi. Wakautia kwenye jiko. Haukuwaka haraka, ulikuwa umelowa.

Kwa hiyo mimi si shagird tena.

Walitaka jina. Nikanyamaza. Mama Nabii akasema pepo limenifunga ulimi, nipigwe mpaka liseme. Wakaanza. Nadhani nilizimia kidogo, kwa sababu nilichosikia baadaye ni sauti ya Rebeka.

"Pangani! Kwa Kalasinga wa mbao, chumba cha nyuma! Nilimfuata siku moja! Ni Mhindi mzee, ana ngoma! Msimuue kaka yangu, jamani! Msimuue!"

Ana miaka kumi na tatu. Nimemchukia jioni nzima. Halafu akaniletea uji, akanishikia kikombe kwa kuwa midomo imevimba, nami nikanywa.

Jumanne, 20 Juni

Naandika haraka, nisipoandika leo sitaandika kamwe.

Baba alitoka kazini mapema. Wazee walikuwa sita, wamevaa kanzu, pamoja na Mama Nabii. Walinichukua niwaonyeshe mlango. Walitaka kuvunja ngoma na kuomba, basi. Ndivyo walivyokubaliana, niliwasikia. Lakini tulipopita bombani Kifaru akauliza, "Wazee, leo si Jumapili. Vita ni wapi?" Mama Nabii akamwambia. Kifaru akapiga mluzi. Tulipovuka barabara kuelekea Pangani tulikuwa kundi kubwa na nusu yao hawakujua tunakwenda kwa nani. Niliwasikia wakiulizana. "Ameiba nini?" "Anakula watoto." "Ahaa."

Kalasinga hakuwepo, alikuwa amepeleka kitanda cha mteja. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ustad alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapaka ngozi poda. Aliona kanzu nyeupe. Aliniona mimi. Kisha akamwona Baba, ambaye uso wake ni uso wangu, akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Baba ya Enosi? Karibu. Karibu sana. Chai."

Alifikiri wamekuja kwa heshima. Mzazi akimkubali ustad wa mwanawe, huko kwao huja na wazee namna ile. Aliniambia hivyo siku ya uzi, kwamba siku moja Baba atakuja. Alikuwa anatandika mto ili Baba akae.

Baba alisimama. Naamini kama tungekuwa sisi wawili tu angekaa.

Kifaru akapita katikati ya wazee akampiga Ustad teke la tumbo.

Hapo wote wakaingia. Wakapiga teke ile ngoma kubwa, ikagonga ukuta. Mtu akaikanyaga ngozi mpaka ikapasuka. Birika likamwagika. Ustad alikuwa chini, wanamkanyaga mgongo, kilemba chake kimefunguka na mtu anakivuta huku anacheka. Mimi nilijitosa. Na hiki ndicho kinachonila: nilijitosa kwenye ngoma. Sikumkimbilia yeye. Nililala juu ya ile ndogo ya kulia nikaikumbatia.

"Tazama! Hata sasa haiachi!" Mama Nabii akalia nje.

"Pepo liko mikononi," Kifaru akasema. Alikuwa ameokota kipande cha mvule kwenye mbao za fundi. "Mshikeni. Nyoosha hiyo mikono."

Wakaninyoosha mkono wa kulia sakafuni. Nikasikia Baba akisema, "Ngoja. Ngoja kwanza. Kijana, ngoja!" Kifaru alikuwa ameshainua.

Sijui Ustad alitambaaje. Alikuwa na damu machoni. Aliweka mkono wake juu ya wangu, kiganja juu ya kiganja, akaubana chini. Mbao ikashuka. Ikashuka tena. Nilihisi mfupa wake ukivunjika juu ya mkono wangu. Wangu haukupata hata mkwaruzo.

Baba alimrukia Kifaru. Wazee wakawatenganisha. Mtu akasema polisi, na kundi lote likamwagika nje kama maji.

Ustad hakupiga kelele. Alisema neno moja kwa lugha yake, tena na tena. Kalasinga alirudi akamkuta kichwa chake kwenye mapaja yangu. Akanitazama. Nilitaka anipige. Akachukua shuka, akamfunga mkono, akamtia kwenye gari.

Jumatano, 21 Juni

Baba aliniambia niende shule. Nilienda. Sikusikia somo lolote.

Ijumaa, 23 Juni

Kifaru ananiita bombani kila nikipita. "Mtoto wa kanisa! Leta ndoo, wewe hupangi foleni. Tulikuokoa, sema asante!" Watu wanacheka, wananipisha. Nimechota maji mtaa mwingine.

Baba hali. Rebeka anamwekea ugali, anaufunika, asubuhi anawapa kuku wa jirani. Leo amekaa kitandani hajavua buti za kazi, akaongea akitazama sakafu.

"Mimi nilisema ngoma. Sikusema mkono."

Nikausogeza ugali karibu naye.

"Karakana kuna mtu mashine ilimchukua mkono. Anakuja kila mwisho wa mwezi anasimama getini. Anasimama tu." Akaanza kufungua kamba za buti, akaacha. "Enosi. Mimi nilisema ngoma."

Nilimwonea huruma, na nilimchukia, na vyote vilikaa pamoja bila kusukumana.

Rebeka ameenda Pangani. Peke yake, bila kumwambia mtu, akitoka shule. Alimkuta mke wa Kalasinga. Mkono umewekwa plasta kutoka kwenye vidole hadi kiwiko. Daktari amesema labda ataweza kushika kikombe. Tabla, hapana. Tena ameacha kula. Kwao mtu hali kwa mkono wa kushoto, ni mkono wa chooni, na wa kulia ndio huo. Mke wa Kalasinga amejaribu kumlisha kwa kijiko, akageuza uso. Watoto wa Kalasinga walipojaribu, akawakataa pia. Anakunywa maji kwa mrija, basi.

"Nimekosa," Rebeka akasema. "Mimi ndiye niliyesema."

Nilimwambia hapana. Nilimaanisha.

Jumapili, 25 Juni

Baba alisimama mlangoni na kanzu yangu. Ilikuwa imefuliwa, doa la damu halijatoka lote.

"Ngoma," akasema. Lakini polepole, kama anauliza.

"Siendi, Baba."

Nilingoja mkono wake. Haukuja. Alikunja kanzu, akaiweka kitini, akachukua bendera. Baadaye nikawasikia wakipita nje. Shadraki alikuwa anachelewa.

Nikavaa sweta nikatembea hadi Pangani. Mke wa Kalasinga alinifungulia, akanipa sahani ya wali wenye karoti na zabibu kavu. Ustad alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Amekonda. Hakunisalimia. Hakunifukuza. Sikuomba msamaha kwa sababu sikujua ningeanzia wapi.

Nikanawa mikono bombani kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Nikakaa mbele yake. Nikatengeneza tonge la wali kwa vidole, dogo, nikalipeleka mdomoni pake. Alilitazama muda mrefu. Mkono ulianza kuchoka, lakini alishasema ni wake, sikuushusha.

Akafungua mdomo.

Nilimlisha mpaka sahani ikaisha. Nikamfuta ndevu kwa kitambaa chenye maji. Nikaosha sahani, nikaipeleka jikoni, nikarudi nikakaa.